UZI: Sensa za presha, kilichomo ndani yake na namna ya kuipima kabla hujasema imekufa

#1 geji_shimanzi

Salaam aleikum mafundi. Nafungua uzi huu kwa sababu sensa nzima zinatupwa kila siku hapa mjini. Pampu haizimiki, taa ya injini inawaka, kontena la baridi linapiga alamu, na neno la kwanza kutoka kinywani ni "sensa imekufa". Inanunuliwa nyingine, tatizo linabaki palepale. Anayejua kilichomo ndani ya kifaa anajua pia wapi pa kuweka ncha za multimita. Tuandike humu aina moja moja, na nambari zake.

Naanza na jambo linalorukwa na wengi: presha hiyo inapimwa dhidi ya nini? Mombasa tuko usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa 101 kPa hivi. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, ni kama 83 kPa. Sensa ya presha kamili ina chumba cha ombwe nyuma ya kiwambo chake (ngozi nyembamba inayosukumwa na presha), kwa hiyo ikiwa mezani bila kuunganishwa popote itasoma 101 hapa na 83 kule, na zote mbili ni sawa. Sensa ya geji ina tundu la kupumulia hewa ya nje, nayo husoma sifuri kote kuwili. Ya tatu imezibwa: imefungiwa hewa ya kiwandani nyuma ya kiwambo. Kama ilizibwa kwa 101 kPa, ukiipandisha Nairobi itasoma pungufu kwa bar 0.18 siku zote (bar 1 ni kPa 100). Kwenye haidroliki ya bar 250 hilo halionekani. Kwenye sensa ya bar 0 hadi 1 ni kosa la asilimia 18. Ya nne ina midomo miwili na hupima tofauti ya presha baina yake.

Basi kabla ya kununua, soma herufi kwenye lebo. "A" baada ya kipimo ni presha kamili, "G" ni geji, "D" ni tofauti. Ukibadilisha A kwa G umepotea bar nzima.

Sasa geji ya mshale, mama wa zote. Mfaransa Eugène Bourdon aliipatia hataza mwaka 1849 na mpaka leo tumbo lake ni lilelile: bomba jembamba lililobanwa likawa bapa, likapindwa mfano wa herufi C, ncha moja imezibwa. Presha ikiingia, ule ubapa unataka kurudi mviringo, na bomba zima linajikunjua kidogo. Ncha inasogea milimita chache tu. Kiungo na meno ya gia ndiyo yanayoukuza mwendo huo hadi mshale ukazunguka nyuzi 270.

---

#2 mgeni_changamwe

Shukran fundi. Geji kwenye mkondo wa pampu ya pistoni, mshale unacheza mpaka hausomeki, na baada ya miezi michache unakwama. Nikiweka ya gliserini si itasoma sahihi zaidi?

---

#3 geji_shimanzi

Hapana, gliserini haiongezi usahihi. Inatuliza mshale na kulainisha meno ya gia, basi. Geji ya daraja la 1.6 (kosa lisilozidi asilimia 1.6 ya kipimo chote) itabaki ya 1.6 ikiwa na gliserini au bila.

Kinachoua geji yako ni mapigo. Kila pigo la pistoni linasugua meno ya gia mahali palepale, mpaka yanalika na mshale unakwama au unaruka. Weka kwanza kizuizi chenye tundu jembamba kati ya bomba na geji, au koki ya sindano uifungue robo mzunguko tu. Kisha angalia kipimo cha uso: presha ya kila siku ikae ndani ya theluthi ya kati, na kama ina mapigo isizidi thuluthi mbili za kipimo chote. Pampu ya bar 6 haifai geji ya bar 6 wala ya bar 40. Chukua ya bar 10.

Jambo la pili kuhusu gliserini: juu ya kasha kuna kizibo kidogo cha mpira. Geji ikishafungwa mahali pake, kizibo hicho hufunguliwa au kukatwa ncha, ili kasha lipumue. Ukikiacha, jua la mchana linapasha kasha, presha inapanda ndani yake na kulikandamiza bomba kwa nje, nawe unasoma pungufu. Kwenye geji ya bar 1 au 2 utaiona wazi.

Mvuke ni hadithi tofauti. Usiufikishe kwenye bomba la Bourdon. Weka bomba lililopindwa duara kabla ya geji, na ulijaze maji kabla ya kufungua vali, ili geji iguswe na maji yaliyopoa. Wengi huliweka tupu. Mvuke wa kwanza unapita moja kwa moja na kulegeza risasi ya viungo ndani. Na kwenye viwanda vya barafu vinavyotumia amonia, geji ya shaba ni marufuku. Amonia hupasua shaba. Ni chuma kisichoshika kutu peke yake.

---

#4 Bi_Mekatroniki

Nachukua zamu ya sensa za umeme, maana hizi ndizo zinazotupwa bure.

Ndani kuna kiwambo, kama ngozi ya ngoma. Presha inakisukuma, kinavimba kidogo sana. Juu yake kumebandikwa vipande vinne vya rizista nyembamba. Rizista ikivutwa, ukinzani unapanda, ikibanwa, unashuka. Ya karatasi ya chuma ina omu 350 mara nyingi, na kigezo chake ni karibu 2. Maana yake, kiwambo kikinyooka sehemu 1,000 katika milioni, ukinzani unabadilika asilimia 0.2, yaani omu 0.7 kati ya 350. Multimita ya kawaida hutaiona. Ndiyo sababu rizista nne hupangwa kwenye daraja la Wheatstone, mbili zikivutwa na mbili zikibanwa: ukilisha daraja volti 10, presha ikijaa unapata mV 20 tu kwenye matokeo. Kila volti ya kulisha inatoa mV 2.

Mwaka 1954 Charles Smith wa Bell Labs alionyesha kwamba silikoni, ile ya chipu, ikibanwa hubadilisha ukinzani kwa kiasi kikubwa zaidi sana. Kigezo chake hufika kama 100. Hapo ndipo sensa ndogo za magari na za vifaa vya hospitali zilipotokea. Bei ya faida hiyo ni joto: silikoni inasikia joto karibu kama inavyosikia presha, kwa hiyo ndani lazima kuwe na chipu ya kusahihisha. Sensa ya bei ya chini sana inayosoma vizuri asubuhi na vibaya saa nane mchana karibu na injini, mara nyingi usahihishaji huo ndio uliokosekana.

Kupima daraja lenyewe, kama sensa yako ina waya nne na haina chipu ndani: toa umeme, pima ukinzani kati ya waya mbili za kulisha, kisha kati ya waya mbili za matokeo. Vyote vikaribiane na nambari ya lebo, kwa mfano 350. Halafu pima kutoka kila waya hadi kwenye mwili wa chuma. Inatakiwa isomeke wazi kabisa, megaomu nyingi. Ukipata kiloomu chache, unyevu umeingia, na hapa pwani hilo ndilo kosa la kwanza kushuku. Kausha konekta kabla ya kutupa sensa.

Aina ya kauri ni kiwambo cha alumina chenye rizista zilizochapwa juu yake. Haishiki kutu, bei nzuri, ndiyo iliyojaa kwenye pampu za nyumbani. Udhaifu wake ni kishindo cha maji. Kauri ikipitishwa mpaka wake haipindi, inapasuka. Hesabu yake ni nyepesi: maji yakisimamishwa ghafla, kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo inazaa kama bar 12 kwenye bomba la chuma, na bar 4 hadi 5 kwenye la plastiki. Mkondo wa bar 6 wenye mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, vali ya umeme ikifunga kwa kishindo, unapigwa bar 18 za ziada kwenye chuma. Sensa ya bar 10 iliyoandikwa kuvumilia mara mbili, yaani bar 20, inapasuka hapo, na hakuna atakayeona kitu kwenye geji ya mshale maana yote yameisha katika sehemu ya sekunde. Sensa mpya ikifa tena katika wiki moja, acha kulaumu sensa. Tafuta vali inayofunga haraka.

---

#5 Jomvu_Dizeli

Upande wa magari. Sensa nyingi za injini zina waya tatu: volti 5 za kulisha, athi, na ishara. Ile iliyo kwenye mkono wa hewa ni ya presha kamili, kama fundi wa geji alivyoeleza, na ndiyo inayoiambia kompyuta hewa ngapi imeingia.

Kupima: washa swichi bila kupiga stata. Hakikisha kwanza volti 5 zimefika kwenye konekta, kati ya 4.8 na 5.2. Kisha athi: pima kati ya waya wa athi na kichwa hasi cha betri, usipate zaidi ya volti 0.1. Ndipo upime ishara, konekta ikiwa imechomekwa, kwa pini nyembamba iliyopitishwa nyuma ya soketi. Sensa nyingi za Toyota zisizo na tabo hutoa volti 3.3 hadi 3.9 kwa presha ya hewa ya hapa. Chukua pampu ya mkono ya ombwe, vuta 40 kPa, volti ishuke kwa 1.1 hadi 1.3. Ikishuka hivyo, na ikarudi ukiachia, sensa ni nzima. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka.

Njia isiyotaka vifaa: kwenye skana, swichi imewashwa na injini imezimwa, soma presha ya mkono wa hewa. Mombasa iseme 100 au 101. Ikisema 85 wakati gari limeegeshwa Mwembe Tayari, hapo ndipo pana neno. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, ya petroli nzima husoma 30 hadi 40 kPa. Ikisoma 55, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma au taimingi imekosea. Sensa inasema kweli.

Sensa ya reli ya dizeli (bomba nene linalogawa mafuta kwa nozeli) ni kiwambo cha chuma chenye rizista nyembamba zilizopakwa juu yake, kwa presha ya bar 1,600 na kuendelea. Swichi ikiwashwa, karibu volti 0.5. Injini ikinguruma, 1.0 hadi 1.5 kwa nyingi. Usilegeze chochote kwenye reli injini ikiwa inawaka, na ukizima subiri presha ishuke. Mafuta kwa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano, kidonda huonekana kidogo na mkono huharibika ndani. Anayepigwa nayo hukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Na mwisho, sensa ya oili ya waya mmoja, inayopeleka geji ya dashibodi. Hii haitoi volti, inabadilisha ukinzani: aina ya Ulaya ni omu 10 bila presha na kama 180 ikijaa. Athi yake ni thredi zenyewe. Fundi akizizungushia tepu nyeupe nyingi, athi inakatika, ukinzani unakuwa mkubwa mno, na mshale unapanda juu kana kwamba oili iko tele. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu dereva anaona raha huku injini inakauka.

---

#6 mgeni_changamwe

Gari likitoka Nairobi kuja Mombasa basi sensa ya hewa ibadilishwe?

---

#7 Jomvu_Dizeli

Hapana ndugu. Inapima presha kamili, na kompyuta huisoma presha ya hewa ya mahali ulipo kila ukiwasha swichi. Ndiyo kazi yake.

---

#8 baridi_kilindini

Kwa wanaoshughulika na makontena ya baridi bandarini na vyumba vya samaki: kuna kipimo cha bure ambacho hakitaki hata spana.

Mashine ikizimwa na kuachwa saa nyingi hadi joto la sehemu zote likawa sawa na la nje, gesi ndani hufuata jedwali la joto na presha. Gesi ya baridi ya R134a kwa nyuzi 30 inakaa bar 7.7 kamili, yaani bar 6.7 za geji. Kwa nyuzi 25 ni bar 6.65 kamili, yaani 5.6 za geji. Soma sensa ya upande wa kuvuta na ya upande wa kusukuma kwenye skrini. Zote mbili zinatakiwa zifike hapo. Moja ikisema 6.7 na nyingine 5.1, umeshaipata mbovu bila kufungua bomba. Zote zikiwa chini sawasawa, ushuku gesi kuvuja kabla ya kushuku sensa. Sharti ni mbili: kuwe na gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani, na pasiwe na vali iliyofungwa inayotenga pande mbili.

Sensa hizi ni za volti 0.5 hadi 4.5 zikilishwa 5, na ishara hufuata ulishaji. Ulishaji ukishuka hadi 4.6, ishara nayo inashuka kwa uwiano huohuo. Kidhibiti chake kinalijua hilo na kinasahihisha; multimita yako haijui. Kwa hiyo pima ulishaji na ishara pamoja, ugawanye ishara kwa ulishaji.

Kutu ya kijani kwenye pini za konekta hapa Kilindini ni jambo la kila wiki. Kuisugua kwa msasa kunaondoa upako wa pini na mwezi ujao inarudi mbaya zaidi. Badilisha pini, ubane kwa koleo yake, uweke mpira wa kuzuia maji nyuma ya kila waya, na grisi ya silikoni kwenye mdomo wa konekta.

---

#9 mgeni_changamwe

Nimesikia za fuwele, zile ambazo hazitaki umeme. Si zingefaa tangi la maji lisilo na umeme?

---

#10 Bi_Mekatroniki

Hazifai kabisa, na sababu yake ni nzuri kuijua.

Fuwele ya kwatsi ikibanwa inatoa chaji. Ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha hilo mwaka 1880. Chaji ni ndogo mno, kama pikokulombu 2.3 kwa kila nyutoni. Ukishabana na kutulia, chaji haiongezeki tena. Inaanza kuvuja kupitia kila njia iliyopo, na baada ya muda ishara inarudi sifuri ingawa presha ipo vilevile. Kwa hiyo fuwele inaona mabadiliko. Presha iliyotulia, kama ya tangi, haiioni. Kazi yake ni mlipuko ndani ya silinda, mapigo ya haidroliki, mtikisiko.

Ili chaji isivuje haraka, waya na konekta zake zinahitaji ukinzani wa zaidi ya omu trilioni moja. Kidole chenye jasho kikigusa uso wa konekta kinaushusha. Kwa unyevu wetu, safisha kwa spiriti safi ya isopropili, kausha, funika kizibo mara moja.

Kwa presha ndogo iliyotulia, mfalme ni ya kapasita. Sahani mbili zinazoelekeana, moja ni kiwambo. Presha ikikisukuma, nafasi kati yake inapungua na kapasitansi inapanda. Hakuna rizista ya kupata joto, umeme inaotumia ni kidogo, na inaona hata presha ya feni ya chumba cha upasuaji. Transmita (sensa zenye kisanduku cha kutuma ishara) kubwa za viwandani zenye midomo miwili zimejengwa hivi: viwambo viwili vya nje, mafuta ya silikoni katikati, na kiwambo cha kupimia kinachosogea sehemu ndogo tu ya milimita.

Zinauliwa kwa kufungua vali vibaya. Kundi la vali tatu lipo kwa sababu hiyo. Kuingiza kazini: fungua vali ya kati inayosawazisha, fungua upande wa presha ya juu polepole, funga ya kati, fungua upande wa chini. Kutoa kazini: funga upande wa juu, fungua ya kati, funga upande wa chini. Kusiwe na wakati ambapo mdomo mmoja unapata presha yote peke yake. Na ukitumia tofauti ya presha kupima mtiririko, kumbuka kipeuo cha pili: tofauti ikiwa asilimia 25, mtiririko ni asilimia 50. Kama PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo) na transmita zote mbili zinatoa kipeuo, au hakuna hata moja, nambari yako haitapatana na mita ya maji kamwe.

---

#11 majichumvi

Maji ya hoteli na visima, huko ndiko naweza kuchangia.

Sensa ya kina cha maji ni sensa ya presha iliyozamishwa. Mita 1 ya maji matamu ni bar 0.098, ya bahari ni bar 0.1 kasoro kidogo au na kidogo kutegemea chumvi. Nyingi hutoa mA 4 hadi 20 kwa waya mbili. Presha ni (mA ulizosoma − 4) ÷ 16 × kipimo chote. Sensa ya mita 5 ikiwa na maji ya mita 3 inatoa mA 13.6. Ukisoma sifuri, waya umekatika au umegeuzwa. Ukisoma 3.6 au 21 na haibadiliki, sensa yenyewe inakwambia ina hitilafu, ndivyo nyingi zilivyopangwa. Ukisoma 12 na haipandi zaidi ingawa presha imejaa, ulishaji hautoshi: transmita inayotaka volti 10, kwenye volti 24, inabaki na 14, na 14 ÷ 0.022 ni omu 636. Jumlisha waya, rizista ya PLC na kinga ya radi. Usipite hapo.

Ugonjwa mkubwa wa sensa hizi Mombasa uko kwenye kebo. Ndani ya kebo, pamoja na waya, mna mrija mwembamba unaopandisha hewa ya nje hadi nyuma ya kiwambo. Mrija huo lazima uishie mahali pakavu, kwenye boksi lenye kifuko cha silika jeli. Mafundi wengi wanaukunja, wanauziba kwa tepu, au wanauacha ndani ya jankshoni ya chini ambayo hujaa unyevu. Tone moja la maji likikaa ndani, sensa ya geji imegeuka ya kuzibwa.

Dalili yake ni ya kupendeza ukiijua. Kwenye tropiki presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni kama hektopaskali 3, sawa na sentimita 3 za maji. Tangi lililofungwa vali zote, grafu yake ikionyesha wimbi la sentimita 3 lenye vilele saa nne na saa nne, mrija umeziba. Sensa nzima isingeliona.

---

#12 Jomvu_Dizeli

Visima vya karibu na ufuo si vina wimbi lake? Maji hujaa na kupwa.

---

#13 majichumvi

Umenena. Kisima cha kwenye matumbawe, Nyali au Bamburi, maji yake huinuka na kushuka na bahari, na hilo ni kweli, si kosa la sensa. Namna ya kuyatenganisha ni saa. Wimbi la hewa linarudi saa ileile kila siku. La bahari linachelewa kama dakika 50 kila siku, linakuwa kubwa siku za bamvua na kunywea siku za maji mafu. Weka grafu ya siku saba, utaona lenyewe. Siku moja haitoshi.

Sasa mitambo ya kutoa chumvi. Presha ni bar 55 hadi 70, na maji ni ya bahari. Chuma cha 316L kinaaminiwa na watu, lakini kwenye maji ya bahari yaliyotuama ndani ya thredi kinachimbika vitundu. Nje sensa inang'aa, ndani kiwambo chenye unene wa karatasi kimetoboka. Kwa mdomo unaoguswa na maji chukua titani, Hastelloy C-276, au chuma cha dupleksi ya juu. Bei ni kubwa na sioni njia ya kuikwepa.

Thredi nazo. Thredi ya G (ya Uingereza, iliyonyooka) ya robo inchi ina meno 19 kwa inchi, NPT (ya Marekani, iliyochongoka) ya robo ina 18, zinakataana mapema na unajua. Ya nusu inchi, zote mbili zina meno 14. Zinaingia vizuri mizunguko kadhaa, zinakaza, kisha zinavuja, kwa sababu pembe ya meno ni nyuzi 55 kwa moja na 60 kwa nyingine, na moja imenyooka wakati nyingine imechongoka. G huzibwa na washa ya chini yenye mpira, haitaki tepu. NPT inataka tepu, na uanze baada ya thredi ya kwanza ya mbele. Kipande cha tepu kikikatika kikaingia kwenye tundu la sensa, utasoma presha inayochelewa dakika nzima na utadhani pampu imechoka.

Kaza kwa spana kwenye pembe sita za chini, kamwe usishike kasha la juu. Kasha likizungushwa linakata waya za daraja.

---

#14 geji_shimanzi

Kuhusu kuthibitisha. Wenye kifaa cha mizani ya mawe, pale presha inapozalishwa na uzito juu ya pistoni: mawe mengi yamepimwa kwa mvutano wa kawaida wa dunia wa 9.80665. Mombasa, karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mvutano ni 9.781 hivi. Kifaa kinazalisha presha pungufu kwa asilimia 0.26. Ukithibitisha geji ya daraja la 0.25 bila kusahihisha hilo, umeshakosea kuliko geji yenyewe. Cheti kizuri kinataja mvutano uliotumika. Kitazame.

Asiye na kifaa, kwa sensa ya bar 1 kushuka chini, mpira wa maji wa uwazi unatosha. Funga sensa chini, mdomo ukitazama juu, jaza maji polepole mpaka mapovu yote yatoke, inua mpira kando ya ukuta wa ghorofa, pima kimo kwa futi ya chuma kutoka kiwambo hadi uso wa maji. Maji ya nyuzi 30, kwa mvutano wetu, ni 9.74 kPa kwa mita, si 9.81 ya kitabuni. Mita 4 ni 38.96 kPa.

---

#15 mgeni_changamwe

Nimeelewa kimo. Nikipata nambari tofauti, nitajuaje kama ni ya kurekebisha au ya kutupa? Sensa ni ya bar 0 hadi 1, mA 4 hadi 20.

---

#16 geji_shimanzi

Chukua vipimo angalau vitatu ukipanda na vitatu ukishuka: mita 0, 2 na 4. Kwenye mita 4 inatakiwa mA 10.23.

Ukipata 4.12 kwenye sifuri na 10.35 kwenye mita 4, kosa ni lilelile chini na juu. Sifuri imehama, nayo hurekebishwa kwa skrubu ndogo au kwenye PLC kwa kutoa 0.12. Ukipata 4.00 kwenye sifuri na 9.90 juu, kipimo chote kimepungua kwa kama asilimia 5. Angalia mapovu kwenye mpira kwanza, kisha rekebisha kipimo kama sensa yako inaruhusu. Ukipata nambari moja ukipanda na nyingine ukishuka kwa kimo kilekile, zaidi ya mA 0.05, kiwambo kimeshavutwa kupita mpaka wake na hakirudi. Hiyo hairekebishiki, inunuliwe nyingine, na kabla ya kuifunga utafute kilichoivuta ya kwanza.

---

#17 mgeni_changamwe

Nimepima. Sifuri 4.13, mita 2 ni 7.25, mita 4 ni 10.36, kupanda na kushuka sawa. Nimetoa 0.13 kwenye PLC. Mrija wa kebo ulikuwa umezibwa kwa tepu nyeusi. Nimeufungua na kuuingiza kwenye boksi lenye silika jeli.